Mchinjaji wa Lemara

"Baba Kauthar, njoo utuchinjie!"

Maria alipaza sauti kutoka jikoni, maji ya kunyonyolea kuku yakiwa yanachemka. Ilikuwa Jumamosi jioni, siku ya kuku. Jabiri akatia simu mfukoni, akakunja mikono ya shati, akapokea kuku na kisu mbele ya wapangaji wote waliokuwa uani, akaenda nyuma ya simtanki la maji kwa mwendo wa mtu anayeijua kazi yake.

Nyuma ya simtanki alisimama Nelson, mume wa Maria, anavuta sigara. Jabiri akampa kuku. Akampa na kisu. Kisha akageukia ukuta.

"Haya, soma," Nelson alisema.

"Bismillahi, Allahu Akbar," Jabiri akasoma, macho ameyafumba. Nelson akakata.

Ndivyo walivyofanya mwaka mzima na zaidi. Mmoja anasoma, mwenzake anakata. Kuku wa kwanza Jabiri alijaribu kumchinja mwenyewe, akamkata nusu shingo, kuku akamponyoka na kuzunguka uani akimwaga damu mpaka kwenye viatu vyake, naye akainama akatapika. Nelson ndiye aliyemkamata na kummalizia. Nelson ni Mmeru, Mlutheri, kakulia kwenye migomba na kahawa huko mlimani. Kwake kuku ni kuku. "Usimwambie mtu, kaka," Jabiri alimsihi. "Yameishia hapahapa," Nelson akajibu, na kweli hata mkewe hakumwambia.

Basi Jabiri akajidanganya kwamba maadamu amesoma yeye, na kuku kaelekezwa kibla, basi amechinja yeye. Hakumwuliza shehe yeyote. Angeuliza angejibiwa, na jibu hakulitaka. Ila sifa alizitaka! Krismasi na Pasaka, Wakristo wa mtaa mzima wa Lemara walimletea kuku wao, maana mgeni Mwislamu akija mezani ni lazima ale bila wasiwasi, na desturi hiyo huku haijadiliwi. Walimwachia firigisi kama ahsante. Alizila zote, mwanamume huyu, wala hazikumkwama kooni.

Jumamosi hiyo kulikuwa na jicho jingine. Bi Swabaha, mama yake Jabiri, alikuwa ametoka kwao Kondoa kuja kutibiwa goti, na goti lilipopata nafuu hakuondoka. Alikuwa chooni anatawadha. Kidirisha cha choo kinatazama simtanki. Hakumwona mwanawe, aliyekuwa amefichwa na tangi. Alimwona Nelson tu, kisu mkononi, kuku anapapatika miguuni.

Mwingine angepiga kelele hapohapo. Bi Swabaha alimaliza kutawadha, akaenda akasali, akakaa akasubiri chakula kiive.

*

Tuseme wazi jambo lenyewe lilikuwaje, maana watu wamelisema vibaya. Zamda, mke wa Jabiri, na huyo Maria walikuwa wanafanya kazi pamoja, kupiga pasi kwenye chumba cha kufulia cha hoteli moja ya watalii nje kidogo ya mji. Maria ndiye aliyemwombea Zamda kazi. Mwezi huu mmoja anaingia asubuhi na mwingine jioni, mwezi ujao wanabadilishana. Wa jioni hurudi saa nne usiku, miguu imevimba. Sasa watoto wale nini, na saa ngapi?

Wakaamua kupika chungu kimoja. Wa zamu ya asubuhi anapikia nyumba zote mbili. Jumapili wanachemsha makande na maharage ya siku kadhaa, wanayagawa kwenye makopo na kuyaweka kwenye friji ya Maria. Jumatatu makande yanaungwa kwa karoti na nazi. Siku inayofuata ugali kwa dagaa. Nelson akipanda mlimani kwa wazazi anashuka na mkungu wa ndizi, basi ndizi kwa maharage mpaka watoto waseme basi. Siku ikiwa mbaya kabisa, chapati zilizosukumwa jana na chai ya tangawizi. Jumamosi kuku. Kauthar na Nasri wa Zamda, na Derick wa Maria, walikula sinia moja na kugombania ukoko. Hakuna mtoto aliyelala njaa. Ndiyo hayo tu.

Bi Swabaha aliyachukia yote hayo tangu siku ya kwanza. Maria alipompigia magoti kidogo na kusema, "Shikamoo mama," yeye alitazama pembeni kana kwamba kaitwa na mtu wa mbali. Kila siku shikamoo, kila siku hakuna marahaba. "Mwanangu anapakuliwa na mke wa mtu," alimlalamikia Jabiri. "Mkeo yuko wapi? Kwenye mashati ya Wazungu! Na hizi ndizi kila siku, sisi tumbili?"

"Ni kwa muda tu, mama," Jabiri alimjibu. Alikuwa karani kwenye duka la vifaa vya ujenzi, saa kumi na mbili jioni keshafika nyumbani, kavua viatu, anaangalia simu.

*

Maria aliingia na hotpoti ya ndizi na bakuli la kuku, akaviweka mezani, akapakulia watoto kwanza.

"Karibuni chakula. Shikamoo mama."

Bi Swabaha hakujibu. Alimtazama mwanawe akichukua paja. Alimtazama akitafuna na kumeza. Hapo ndipo aliposema.

"Kuku huyu kachinja nani?"

"Baba Kauthar, mama," Maria alijibu akicheka. "Kama siku zote."

"Muongo."

Maria akadhani hakusikia vizuri. "Eti mama?"

"Nimesema muongo wewe! Nimemwona mumeo kwa macho yangu haya. Kisu mkononi, kuku anarusha miguu. Sasa niambie, mmeanza leo au mmetulisha vibudu siku zote?"

"Baba Kauthar," Maria alimgeukia Jabiri, bado kicheko hakijamtoka sawasawa, "mwambie mama basi. Si nimekupa mwenyewe kuku mkononi?"

Hapa Jabiri alikuwa na nafasi. Angesema, "Mama, naogopa damu," mambo yangeisha kwa aibu ya dakika moja na kicheko cha wiki moja. Alimeza kilichokuwa mdomoni, akafuta mikono kwa kitambaa, kidole baada ya kidole.

"Ulinipa, ndiyo," alisema. "Ila nilipigiwa simu. Nikamweka chini nikaenda kuongea. Niliporudi nikakuta kashachinjwa. Mimi nikadhani wamemwita Said, yule wa chipsi."

"Wewe!" Maria alishika kifua. "Baba Derick! Hebu njoo hapa, njoo usikie!"

Nelson akaja, akasimama mlangoni. Aliambiwa yote, na Bi Swabaha ndiye aliyemwambia, kwa sauti ya kufika barabarani. Nelson akamgeukia Jabiri.

"Kaka, sema."

"Niseme nini? Si umechinja wewe?"

"Nimechinja mimi."

"Basi."

Nelson alikuwa amefungwa na neno lake mwenyewe, na Jabiri alilijua hilo, ndiyo maana alithubutu. Nelson akatema mate nje ya kizingiti, akamshika mkewe mkono. "Twende, Mama Derick."

Lakini Bi Swabaha alikuwa bado. Alibeba bakuli na hotpoti akavimwaga katikati ya uwanja, wapangaji wote wametoka kutazama, mbwa wa jirani wakasogea. Akawaamuru wajukuu wasukutue midomo. Nasri alilia, njaa inamuuma, na paja lake la kuku limo mdomoni mwa mbwa. "Mtu huyu mnaingia naye jikoni!" Bi Swabaha aliwaambia watu akimwoneshea Maria kidole. "Ana dini yake, sawa, mimi sina ugomvi na dini ya mtu. Lakini kumlisha mwenzio kibudu ukicheka usoni, hiyo ni roho ya mchawi!"

Maria aliokota hotpoti yake kwenye vumbi, akaingia ndani. Derick alikuwa amesimama mlangoni, kasikia kila neno.

*

Zamda aliporudi kutoka kazini alikuta uwanja unanuka mchuzi na mlango wa Maria umefungwa. Mumewe na mama mkwe walikuwa wamekaa sebuleni wanamngoja kama mahakama.

"Kazi unaacha," Bi Swabaha alisema. "Mwanamke apike chakula cha nyumba yake kwa mkono wake."

"Mama, na ada ya Kauthar? Na kodi? Mshahara wa Baba Kauthar unaishia kwenye kodi tu."

"Usimjibu mama," Jabiri alisema.

"Sijamjibu vibaya. Nauliza. Baba Kauthar, ni kweli Mama Derick anaweza kufanya jambo kama hilo? Mwanamke ambaye hata biskuti ananisomea kwanza dukani kama zina mafuta ya nguruwe?"

"Mama kaona kwa macho yake."

"Wewe je? Wewe uliona nini?"

"Zamda, nimechoka," alisema, akaingia chumbani.

Kuanzia hapo nyumba ikawa jahanamu ndogo. Zamda alipika mchana kabla ya kwenda zamu, akafunika, akamwonesha mama mkwe sufuria. Akirudi usiku anakuta sufuria vilevile. "Chakula cha mchana kuliwa usiku ni kiporo," Bi Swabaha alisema. "Mimi sikuja Arusha kula viporo." Watoto wamelala na chai na mkate. Jabiri kakunja nne, anangoja. Zamda anawasha mkaa na kusonga ugali amesinzia.

"Si ungepasha moto tu, Baba Kauthar?" alimwuliza. "Maharage yapo, gesi ipo kidogo."

"Mimi?" Jabiri aliuliza, na alishangaa kwa dhati kabisa.

Bi Swabaha akagonga kiti kwa fimbo yake. "Mwanangu asukumwe jikoni? Baba yake hakujua hata chumvi inakaa wapi!"

Alhamisi Zamda alisinzia juu ya pasi akaunguza shati la mgeni, alama nzima mgongoni. Msimamizi alilikunjua mbele ya wenzake wote, akalishika juu kila mtu alione. "Zamda, nyumbani kwako kuna nini?" Zamda akaizima pasi. "Nyingine kama hii, usirudi," msimamizi akamwambia, na alimaanisha. Zamda alijifungia chooni akalia akiuma kanga, kwa hasira zaidi ya huzuni. Kazi hiyo ndiyo iliyokuwa inasimamisha nyumba, na alikuwa anaporwa na watu walewale wanaokula kwa kazi hiyo.

*

Jumapili, siku yake ya mapumziko, alivuka uwanja akagonga kwa Maria. Maria alikuwa anamenya ndizi. Hakumkaribisha kiti.

"Nimekuja kuomba radhi, Mama Derick."

"Radhi ya nini?"

"Ya yaliyotokea. Mama mkwe ni mtu mzima, unajua..."

"Mama mkwe wako aliona alichokiona. Mimi sina neno naye zaidi ya matusi yake." Maria alikata ncha ya ndizi, akaitupa ndoo. "Usiku ule nilimbana mume wangu mpaka akasema. Mwambie mumeo achinje kuku mbele yako. Basi. Mbele yako, si nyuma ya simtanki. Halafu ndiyo uje tuongee radhi."

"Unamaanisha nini?"

"Nimesema kwa Kiswahili, Mama Kauthar."

Zamda akakumbuka mumewe anavyotoka nje ya chumba mtoto akitokwa damu puani. Akakumbuka sikukuu ya kuchinja, Jabiri kila mwaka ana safari ya ghafla. Lo! Mwanamke analala na mtu miaka tisa, na jambo liko mbele ya pua yake.

Alikwenda moja kwa moja sokoni Kilombero, akarudi na jogoo mwekundu kamshika miguu. Hakuingia ndani. Alisimama katikati ya uwanja, palepale mchuzi ulipomwagwa, akaita.

"Baba Kauthar! Njoo utuchinjie!"

Jabiri alitoka akiwa na vesti. Alipoona jogoo na kisu na wapangaji wanaofua nguo, alirudi hatua moja. "Mlete kule nyuma."

"Hapahapa."

"Zamda, acha mchezo, nina haraka."

"Unakwenda wapi na vesti?"

Mtu mmoja akacheka. Bi Swabaha alitoka na fimbo yake, akasimama akajaa tele. "Chinja mwanangu! Waoneshe. Marehemu baba yako alichinjia kijiji kizima, ng'ombe kwa mbuzi, na watu walitoka mbali kumfuata. Waoneshe hawa uchinjaji wa Kiislamu ulivyo."

Jabiri alichukua kisu. Alipiga goti, akamkanyaga jogoo mabawa, na jasho likaanza kumtoka wakati kulikuwa na baridi ya mlimani. Kisu kikawa kinagonga jiwe. Akainua macho kumtafuta Nelson. Nelson alikuwa mlangoni kwake, mikono mfukoni. Hakusogea.

"Bismillahi," Jabiri alisema, akagusa shingo. Tone moja la damu likatoka kwenye manyoya. Jogoo akapiga ukelele. Jabiri akaachia kila kitu, akakaa chini kwa makalio, uso umemgeuka rangi ya majivu.

Zamda alikuwa amemkanyaga jogoo kwa mguu wake, anamtazama mumewe.

"Na wale wengine?" Bi Swabaha aliuliza polepole. "Jabiri. Wale wote wa mwaka mzima?"

"Nilikuwa nasoma, mama. Mimi nilikuwa nasoma."

"Ulikuwa unasoma."

"Yeye anakata tu. Kusoma nilisoma mimi."

"Na ukanyamaza," mama yake alisema. "Ukaniacha nikamtukana mke wa watu mbele ya kadamnasi, wewe unatafuna paja, ukanyamaza!"

Alitupa fimbo. Alijifunga kanga kiunoni, akainama na goti lake bovu, akamtoa Zamda mguu, akamwelekeza jogoo kibla. Watu walinong'ona, uani pale hawakuwahi kuona mwanamke akichinja. Bi Swabaha hakuwajali. Alitaja jina la Mungu akakata mara moja, pakubwa, na jogoo akatulia kabla hajanyanyua mkono. Huko Kondoa, mumewe alipokuwa safarini, ni nani mlidhani alikuwa anachinja? Alifuta kisu kwenye majani, akamtupia mwanawe jogoo mapajani.

"Nyonyoa."

Jabiri akanyonyoa. Bi Swabaha alipita mbele ya Maria akirudi ndani. Alisimama mbele yake, mdomo ukafunguka, watu wote wakangoja. Neno moja tu lilikuwa linahitajika. Kiburi kikamshinda, akaingia ndani.

*

Jioni Zamda alipika jogoo yule kwa nazi, wali juu yake, akajaza hotpoti na kuivusha uwanja kabla hajampakulia mtu yeyote. Alifungua Maria.

"Mume wangu ndiye mwenye kosa," Zamda alisema. "Nimeona, na kila mtu kaona. Karibuni tule, Mama Derick. Kesho turudi kama zamani."

Maria aliitazama hotpoti. Haikuwa hasira tena usoni mwake, na hilo lilimtisha Zamda zaidi.

"Derick kaniuliza kibudu ni nini," alisema. "Nikamwambia ni mnyama aliyekufa bila kuchinjwa. Akaniuliza, 'Sasa mama, kwa nini bibi kasema unatulisha hivyo?' Hataki tena kula kuku, mwanangu. Wewe nakusamehe, Zamda, Mungu ananiona. Lakini sufuria langu halitoki tena humu ndani."

"Na zamu zetu?"

"Nimeongea na msimamizi. Nimeomba asubuhi ya kudumu, kanikubalia. Wewe utabaki jioni."

"Jioni kila mwezi? Watoto wangu watakula nini?"

"Watoto wako wana baba," Maria alisema. "Usiku mwema."

Mlango ulifungwa taratibu, bila kubamizwa. Zamda alirudi na hotpoti imejaa vilevile. Ndani, Jabiri na mama yake walikuwa wamekaa mezani, sahani tupu mbele yao. Zamda akaweka chakula katikati ya meza. Akawapakulia Kauthar na Nasri, akajipakulia na yeye, akavuta kiti.

"Mimi ni wa jioni kuanzia sasa," alisema. "Kila siku, mpaka saa nne. Kazi siachi. Mwenye matusi kwa ajili ya kazi hiyo ayatoe sasa hivi, kabla sijaanza kula."

Aliinamia sahani yake akaanza kula, kwa haraka, kama mtu aliyekumbuka kuwa ana njaa. Bi Swabaha alimtazama, akamtazama mwanawe. Kisha akavuta hotpoti, akajipakulia wali mwenyewe, akachota mchuzi, akala bila kumpitishia mtu kijiko.

Jabiri aliweka mikono kando ya sahani yake akasubiri apakuliwe. Watoto wakamaliza, wakanawa, wakaenda kulala. Wanawake wakamaliza, kila mmoja akaosha sahani yake. Yeye alikuwa bado amekaa palepale, na mafuta ya nazi yameanza kuganda juu ya mchuzi.